Kuponi ya Shilingi Tano kwa Lita: Hesabu ya Familia Moja ya Donholm

Jumapili moja katikati ya Desemba 2025 mdogo wangu alikuja kwangu na mfuko wa kaki uliojaa risiti. Akaumimina mezani, akaketi, akasema, "Dada, wewe ndiwe mhasibu. Tuhesabie. Mimi nasema tumeokoa pesa, baba watoto anasema tumepoteza. Na sote hatuna ushahidi."

Ushahidi walikuwa nao tele, ila haukuwa umepangwa. Risiti 8 za supamaketi, risiti za mafuta zaidi ya 20, na kuponi mbili zilizokuwa zimebaki bila kutumika. Baadhi ya risiti zilikuwa zimeanza kufifia, kama kawaida ya karatasi hizi zinazochapwa kwa joto, nikalazimika kuziinua juu ya taa ili nisome. Tulikaa na kalamu nyekundu tangu saa tisa mchana hadi jua likatua. Wote wawili wameniruhusu niandike tulichokipata, kwa sharti kwamba nisiwataje majina, wala duka, wala sheli yenyewe.

Wanaishi Donholm, Nairobi. Wana gari moja, Toyota Fielder ya injini ya lita 1.5, na watoto wawili. Shemeji anafanya kazi Industrial Area. Asubuhi hushika Jogoo Road, humshusha mdogo wangu Buruburu anakofundisha, kisha huendelea na safari yake. Jioni hurudi njia hiyohiyo. Mama mkwe anaishi Kasarani, nao humtembelea mara moja moja mwishoni mwa wiki.

Mwezi wa Septemba walisikia kwamba supamaketi moja iliyoko upande wa Roysambu inatoa kuponi ya mafuta. Masharti yalikuwa haya: ukinunua bidhaa za shilingi 5,000 au zaidi kwa risiti moja, mashine inatoa karatasi ndogo yenye nambari. Ukiifikisha katika sheli za kampuni fulani ndani ya siku 14, unapunguziwa shilingi 5 kwa kila lita, mwisho lita 30. Tawi la supamaketi hiyo lililo karibu nao halikuwemo kwenye mpango. La Roysambu lilikuwemo. Upande wa mafuta hakukuwa na usumbufu, kwa kuwa kampuni ile ina sheli Jogoo Road, njia ya shemeji ya kila siku.

Aliyeupenda mpango huu sana ni shemeji mwenyewe. Ana binamu Melbourne ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimweleza jinsi kule risiti ya supamaketi inavyomshushia bei ya petroli. Ni kweli. Nchini Australia ukinunua vitu vya dola 30 katika supamaketi za Coles au Woolworths, unapata punguzo la senti 4 kwa lita katika vituo vinavyoshirikiana nazo. Wakati mmoja mapunguzo yalipanda kupita hapo, na tume ya ushindani ya nchi hiyo ikaingiwa na hofu kwamba wauzaji wadogo wa mafuta wangesukumwa nje ya soko. Mwishoni mwa 2013 kampuni hizo mbili zilikubali mbele ya tume kwamba kuanzia 1 Januari 2014 punguzo linalotokana na ununuzi wa supamaketi halitazidi senti 4. Kwa hiyo binamu hakuwa akitia chumvi. Lakini anaishi katika soko lisilofanana na letu. Kule mwenye kituo hupandisha na kushusha bei apendavyo, na bei huweza kutofautiana sana baina ya mtaa na mtaa. Huku kwetu, tangu Desemba 2010, serikali huweka bei ya juu kabisa ambayo muuzaji haruhusiwi kuivuka. EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, na bei hiyo hudumu hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini punguzo la mafuta Nairobi haliwezi kuwa kubwa. Sehemu nene ya bei ya lita imekwisha kukatwa kabla lita haijafika kwenye pampu. Kuna gharama ya kuyanunua mafuta nje na kuyafikisha, halafu kuna serikali, ambayo mwishoni mwa 2025 ilitoza ushuru wa bidhaa shilingi 21.95, tozo ya kukarabati barabara shilingi 25 (ilikuwa 18 hadi Julai 2024), tozo ya ustawishaji wa petroli shilingi 5.40, na juu yake VAT, iliyopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Mwenye sheli anagawana na msambazaji kipande chembamba kinachobaki. Akikuahidi shilingi 5 kwa lita, anaitoa katika kipande hicho, na ni lazima airudishe kwa njia nyingine. Njia yenyewe ni wingi wa wateja, au mshirika wake wa supamaketi anayemlipia sehemu kwa kuwa umeacha 5,000 kwenye kaunta yake. Sioni ubaya wowote katika hilo. Ila mtu akishajua pesa zinatoka wapi, hatashangaa masharti yanapokuwa mengi.

Kuanzia 15 Septemba hadi 14 Desemba 2025 bei ya juu ya petroli ya super jijini Nairobi haikubadilika: shilingi 184.52 kwa lita. Hilo liliturahisishia kazi. Kwa miezi mitatu mizima tulikuwa na bei moja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema tofauti ililetwa na EPRA.

Nilianza na faida. Kuponi moja ikitumika yote, lita 30 kwa shilingi 5, ni shilingi 150. Kuponi 8 zingetoa 1,200. Hiyo ndiyo takwimu iliyokuwa kichwani mwa mdogo wangu, naye alikuwa ameitangaza hata kwenye chama chao cha kina mama. Lakini ukifungua risiti za mafuta, unaona jambo ambalo mwenye gari yeyote wa Nairobi atalitambua mara moja. Kati ya kuponi 8, ni 2 tu zilizotumika kwa lita 30. Nyingine 4 zilitumika kwa mafuta ya elfu mbili.

Sisi hatununui mafuta kwa lita. Mhudumu wa pampu hakuulizi lita ngapi, anakuuliza, "Ya ngapi?" Nawe unajibu ya elfu moja, ya elfu mbili, mara chache sana "jaza". Kwa kawaida shemeji hujaza tangi mara moja kwa mwezi, siku mshahara unapoingia. Siku nyingine huweka ya elfu mbili na kuendelea. Kuponi iliandikwa kwa lugha ya lita, mfuko wake unaongea lugha ya shilingi. Ili upate zile 150 zote unahitaji kuwa na shilingi 5,386 mkononi siku moja, ndani ya siku 14. Ukiweka ya elfu mbili kwa bei ya 179.52, unapata lita 11.14. Bila kuponi ungepata 10.84. Tofauti haifiki hata theluthi moja ya lita, na thamani yake ni shilingi 56 kasoro senti. Na kuponi haikatwi vipande: ukishaisoma mara moja kwenye mashine imekwisha, hata kama lita 19 zimebaki ndani yake.

Kuponi mbili zilikufa. Moja ilipitwa na muda, siku ya 15. Nyingine ilikuwa na kisa chake, nami nilimwomba shemeji anieleze taratibu. Alifika sheli jioni, nyuma yake magari matatu yanapiga honi. Akasema weka ya elfu mbili, mhudumu akaingiza bomba na pampu ikaanza kuhesabu. Shilingi zilipofika mia tatu na kitu ndipo shemeji akatoa karatasi yake mfukoni. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alisikitika kweli. "Pole boss, ilikuwa uonyeshe kabla. Mashine inaingiza nambari kwanza ndiyo inabadilisha bei. Sasa ikishaanza siwezi." Wakamwita msimamizi, naye akasema vilevile. Sharti lilikuwepo nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo. Shemeji aliihifadhi kwa matumaini kwamba ataitumia kesho yake, akasahau, ikaoza.

Basi faida halisi: kuponi 2 kamili ni 300, kuponi 4 za elfu mbili ni 223. Jumla shilingi 523. Mdogo wangu aliitazama nambari ile kwa muda, akaniambia niipige tena. Nikaipiga tena.

Halafu tukaja kwenye safari. Kabla ya Septemba walikuwa wakinunua vitu vya nyumbani hapohapo Donholm, jioni, njiani kurudi, na mboga kwa mama mboga wa langoni. Hakuna kilomita hata moja iliyoongezeka kwa ajili ya ununuzi. Kuanzia Septemba wakawa wanashika Outer Ring hadi Thika Road, kisha Roysambu. Mita ya gari inasema kilomita 13 kwenda na 13 kurudi. Walienda mara 8. Nikawauliza: katika hizo nane, ni mara ngapi mngefika huko hata kama hakuna kuponi? Wakakubaliana kwamba mara mbili walikuwa wanakwenda Kasarani kwa mama, kwa hiyo hizo nikazitoa. Zikabaki 6, yaani kilomita 156.

Fielder yao inakula kiasi gani? Hapa sikutaka kukisia, wala kuamini kinachosemwa na wauza magari. Shemeji alikuwa amejaza tangi mara mbili mwezi wa Novemba na kuandika mita nyuma ya risiti, tabia njema aliyofundishwa na baba yake. Kati ya kujaza na kujaza alikuwa ametembea kilomita 341 na kutia lita 31. Ni kilomita 11 kwa lita, kwa foleni za Jogoo Road. Basi kilomita 156 zilikunywa lita 14.18, na kwa 184.52 hizo ni shilingi 2,617.

Waliokoa 523 za mafuta kwa kuchoma mafuta ya 2,617.

Mdogo wangu hakusema kitu. Shemeji naye, ambaye ndiye aliyekuwa anasema wamepoteza, hakufurahi kama nilivyotarajia. Alinyamaza tu, kwa sababu dereva alikuwa yeye.

Niliwaambia tusisimame hapo, kwa kuwa haki ya kisa ni kuhesabu pande zote. Je, bei za duka lile hazikuwa nafuu? Mdogo wangu alishikilia kwamba zilikuwa nafuu, na alikuwa na hoja. Tukachukua vitu 15 wanavyonunua kila mwezi: unga, sukari, mchele, mafuta ya kupikia, maziwa ya pakiti, sabuni ya kufua, tishu na vinginevyo. Tukalinganisha bei za risiti za Roysambu na bei za duka la Donholm alizokuwa nazo kwenye simu. Vitu 7 vilikuwa nafuu Roysambu, 5 bei ileile, 3 ghali zaidi. Kwa safari zote 8, unafuu ulifika shilingi 1,180. Hiyo ni zaidi ya maradufu ya faida ya kuponi! Mtungi mmoja wa lita 3 wa mafuta ya kupikia uliokuwa kwenye ofa ya wiki ulipunguzwa shilingi 120, sawa na kuponi kwa lita 24 za petroli, na haukudai sharti lolote ila kuwa pale wiki ile. Lakini hakuna aliyeukumbuka mtungi ule. Waliyoikumbuka ni karatasi ya mafuta, kwa sababu mafuta ndiyo yanayouma.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Petroli imetuumiza Wakenya kiasi kwamba punguzo lolote lenye jina la mafuta tunalipa uzito kuliko linavyostahili. Wengi bado wanaikumbuka Oktoba 2023, lita ilipofika shilingi 217.36 Nairobi. Mtu aliyepitia miezi ile akionyeshwa shilingi 5 za mafuta ataziona kubwa kuliko shilingi 120 za mafuta ya kupikia, ingawa zote zinatoka katika mshahara mmoja na kurudi mfuko mmoja.

Kisha ikaja ile kalamu nyekundu. Nilimwomba mdogo wangu apitie risiti 8, mstari kwa mstari, atie alama kila kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha aliyotoka nayo nyumbani. Risiti ya tarehe ya mwisho ya Oktoba ndiyo iliyonigusa. Vitu vyote vya kawaida vilifika shilingi 4,310. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu: kopo la biskuti 345, kinukio cha gari 280, pakiti ya peremende 85. Jumla 5,020. Alikumbuka vizuri jinsi ilivyokuwa. Alikuwa ameshafika kwa keshia, troli imekwisha pitishwa, kioo kikasoma 4,310, na keshia akamwambia kwa upole, "Mama, umebakisha kidogo tu upate kuponi." Mtoto akakimbia kuleta biskuti. Shemeji akachukua kinukio kilichokuwa kimening'inia pale pembeni. Walitoa shilingi 710 ili kupata kuponi ambayo, wiki ile, ilitumika kwa mafuta ya elfu mbili. Shilingi 56.

Alama nyekundu zilitokea kwenye risiti 5 kati ya 8. Jumla yake shilingi 4,140. Sikuzihesabu zote kuwa hasara, kwa sababu isingekuwa haki. Pakiti ya pili ya sabuni ya unga itatumika mwezi ujao, chumvi haiharibiki, mafuta ya kupikia vivyo hivyo. Hizo nilizitoa, maana wamelipa mapema tu. Vilivyobaki, ambavyo mdogo wangu mwenyewe alikiri kwamba asingevinunua, vilikuwa vya shilingi 1,960.

Weka sasa pamoja. Waliyoyapoteza: 2,617 za safari na 1,960 za vitu vya kujazia, jumla 4,577. Waliyoyapata: 523 za kuponi na 1,180 za bei nafuu, jumla 1,703. Tofauti ni hasara ya shilingi 2,874 kwa miezi mitatu. Kwa mwalimu mwenye watoto wawili hiyo si pesa ya kupuuzwa. Ni karibu lita 16 za petroli.

Lipo jambo moja zaidi nililoligundua karibu na mwisho, na lilikuwa kwenye risiti za shemeji bila yeye kuliona. Kwenye Jogoo Road hiyohiyo kuna sheli nyingine, ndogo, isiyo na jina kubwa, ambayo muda wote huo iliuza super kwa shilingi 182.52. Bei ya EPRA ni dari. Muuzaji hawezi kuipita kwenda juu, lakini kushuka chini yake ni ruhusa, na wapo wanaoshuka shilingi moja au mbili ili wavutie magari. Sheli ya kuponi yenyewe iliuza kwa bei ya dari, 184.52, kwa hiyo baada ya punguzo mteja alilipa 179.52. Ukilinganisha na sheli ya jirani, punguzo halisi lilikuwa shilingi 3, na zile 5 zinasomeka hivyo kwenye karatasi tu. Kwa lita zote walizonunua kwa kuponi, 523 zinashuka hadi 314, na hasara yao inapanda kufika 3,083. Na siku ambazo hakuwa na kuponi, shemeji aliendelea kuweka mafuta sheli ileile ya 184.52 kwa mazoea, akiipita ile ndogo kila asubuhi. Hilo halimo kabisa kwenye hesabu yangu.

Alinijibu kwamba anaogopa mafuta machafu ya sheli zisizojulikana. Hofu hiyo naiheshimu. Nchini mwetu kumekuwa na visa vya petroli kuchanganywa na mafuta ya taa, hata mwaka 2018 serikali ikaongeza ushuru wa mafuta ya taa ili kuukata mchezo huo. Sheli anayoisema ninaijua, magari ya kazi ya watu wengi hujaza pale, lakini injini ni yake na uamuzi ni wake. Tulikubaliana ajaribu mara mbili mwanzoni mwa wiki, aangalie mita.

Kabla hawajaondoka, shemeji aliniuliza swali zuri: basi kuponi haina maana kabisa? Ina maana, nikamwambia, ikikukuta njiani. Tukapiga hesabu nyingine pale pale. Kuponi iliyotumika kwa lita 30 inalipia chini kidogo ya kilomita 9 za Fielder yake, kwenda na kurudi. Yaani ukiacha njia yako zaidi ya kilomita nne na nusu ili uipate, tayari umeshailipa. Ukiitumia kwa mafuta ya elfu mbili, inalipia kilomita 3 na kidogo, kwenda na kurudi. Kutoka Donholm hakuna barabara ya kwenda Roysambu ya kilomita moja na nusu. Lakini siku wanapokwenda Kasarani kwa mama, Roysambu iko njiani, na siku hiyo ikiangukia karibu na mshahara, ununuzi mkubwa wa mwezi ufanyike huko, tangi lijazwe ndani ya wiki mbili, na karatasi ionyeshwe kabla bomba halijaingia. Kuponi moja kwa mwezi, shilingi 150 au 90 kutegemea unalinganisha na sheli ipi. Ni kidogo, lakini ni faida.

Nilimwonyesha pia tarehe 14. Hiyo haitaki risiti wala kuponi. Jioni ya 14 Julai 2025 EPRA ilitangaza kwamba petroli Nairobi inapanda kutoka 177.32 hadi 186.31, shilingi 8.99 kwa lita, kuanzia usiku wa manane. Aliyejaza lita 30 jioni ile aliokoa shilingi 270, karibu kuponi mbili. Bei haipandi kila mwezi, na nyakati nyingine hushuka, ndipo inafaa usubiri hadi kesho yake. Ni suala la kusikiliza taarifa ya habari mara moja kwa mwezi. Foleni jioni kama hiyo huwa ndefu, kwa hiyo tangazo likitoka ukiwa nyumbani, nalo lizungumzie shilingi moja, baki nyumbani.

Vocha ya Krismasi tuliiacha mwisho, nayo ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko yote. Mwajiri wa shemeji huwapa wafanyakazi vocha ya ununuzi kila Desemba, shilingi 5,000, ya supamaketi moja. Haibadilishwi kwa pesa, haitoi chenji, hainunui mafuta. Mwaka uliopita iliishia kwenye soda, keki na midoli. Watoto walifurahi, na simlaumu mtu. Ila Januari yao ilikuwa ngumu, ile Njaanuari tunayoijua sote, karo na sare za shule kwa wakati mmoja, na shemeji aliliacha gari nyumbani siku kadhaa kwa kukosa mafuta. Nikawauliza: mwezi wa Januari mnanunua unga, mchele, sukari na sabuni za kiasi gani? Wakasema kama 6,000. Basi vocha inunue hivyo, nikasema, na zile 5,000 za pesa taslimu ambazo zingenunua unga zinakuwa tangi la petroli. Vocha ambayo haikubaliwi sheli imeshakuwa mafuta.

Mdogo wangu aliuliza kama si bora kuihifadhi vocha hiyo hadi Februari au Machi, mambo yakiwa magumu zaidi. Nilimsihi asifanye hivyo. Vocha na pointi za kadi ni deni unalolidai duka kwa kuliamini, na duka linaweza kuanguka. Nakumatt ilikuwa supamaketi kubwa kuliko zote nchini, na mwanzoni mwa 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe. Kadi za pointi zikabaki plastiki. Kitu cha namna hiyo kitumike mapema, kwa vitu ambavyo ungevinunua hata hivyo.

Walinunua keki moja ndogo na kilo chache za nyama kwa pesa yao, na vocha yote ikaenda kwenye unga, mchele, mafuta ya kupikia na sabuni. Shemeji alijaza tangi 5 Januari.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo walikuwa wametoka Kasarani, wakapitia Roysambu. Saa kumi na moja jioni simu yangu ikalia: picha ya risiti kutoka kwa mdogo wangu. Nilishuka moja kwa moja hadi chini. Jumla shilingi 4,785. Nikampigia, nikamuuliza kama keshia hakumwambia kitu. "Alinikumbusha, dada," akasema. "Akaniambia nimebakisha mia mbili na kumi na tano. Nikamwambia asante, nifungie tu hivyo."